Makaburi ya Marumaru ya Granada: Kapela ya Wafalme na Wasia Wake kwa Wapita Njia



Likizo za shule zinapokaribia, familia nyingi za jamaa zetu wanaoishi Ulaya hufunga safari kwenda kusini mwa Hispania. Wanaofika Granada huwa na shabaha moja kubwa, nayo ni kuiona Alhambra. Hupanda mlima, wakatembea katika nyua zake zenye chemchemi, wakasoma maandishi ya Kiarabu yaliyochongwa kutani, kisha wakarudi na picha tele. Ni wachache wanaoteremka hadi katikati ya mji, wakaingia katika jengo lililosimama ubavuni mwa kanisa kuu, ambamo wamezikwa wale waliouchukua mji huo mikononi mwa Waislamu. Jengo hilo huitwa Capilla Real, yaani Kapela ya Wafalme.

Katika toleo hili tumeona ni vyema tulizungumze jengo hilo. Tuna sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba ndani yake mna kazi za mikono zilizo miongoni mwa bora kabisa za zama za Mwamko wa Ulaya, zile ambazo Wazungu huziita Renesansi. Ya pili ni kwamba kazi hizo zinatuhusu. Zimechongwa zitusimulie habari ya kushindwa kwa Waislamu, tena kwa ulimi wa mshindi. Atakayeipita Granada bila ya kuiona kapela hii atakuwa amesoma kitabu akaacha sura ya mwisho.

MJI KABLA YA KAPELA

Mnamo tarehe 25 Novemba 1491, baada ya vita vya miaka kumi, sultani wa mwisho wa Granada, Abu Abdillahi Muhammad, ambaye Wahispania humwita Boabdil, alikubaliana na Mfalme Ferdinand wa Aragon na mkewe Malkia Isabella wa Castile juu ya masharti ya kuusalimisha mji. Funguo zilikabidhiwa tarehe 2 Januari 1492. Masharti yale yalikuwa mema. Waislamu waliahidiwa kubaki na dini yao, misikiti yao pamoja na wakfu zake, makadhi wao na sheria yao. Na iliandikwa waziwazi kwamba hakuna atakayelazimishwa kuingia Ukristo.

Ahadi hiyo haikudumu hata miaka kumi. Mwaka 1499 alifika mjini Askofu Mkuu Cisneros, akaanza kubatiza watu kwa wingi na kwa nguvu. Mtaa wa Albaicín ukaasi mwezi Desemba mwaka huo huo. Watawala wakasema kwamba waasi wenyewe wameuvunja mkataba, kwa hivyo haupo tena. Vitabu vya Kiarabu vilichomwa moto hadharani. Vile vya utabibu ndivyo vilivyonusurika, vikachukuliwa. Mwaka 1502 Waislamu wote waliokuwa chini ya taji la Castile walitakiwa wachague baina ya ubatizo na kuhama. Waliobatizwa na kubaki waliitwa Wamorisko, yaani Waislamu wa jana waliohesabiwa kuwa Wakristo wa leo, bila ya kuaminiwa na upande wowote.

Katika hali hiyo ndipo ulipotolewa uamuzi wa kujenga kapela. Hati yake ilitiwa saini tarehe 13 Septemba 1504. Wafalme hawa wangeweza kuzikwa Toledo au mji mwingine wowote wa wazee wao. Walichagua Granada, kwa kuwa waliihesabu kuwa ndiyo kazi kubwa ya maisha yao. Na kiwanja kilichochaguliwa kilipakana na msikiti mkuu wa mji, ambao wakati huo ulikwisha kugeuzwa kanisa. Msikiti huo ulisimama, ukiwa kanisa, hadi mwaka 1704 ulipobomolewa.

WASIA WA MALKIA

Malkia Isabella hakuiona hata jiwe moja la kapela. Alifariki tarehe 26 Novemba 1504 katika mji wa Medina del Campo, wiki chache baada ya kutia saini. Katika wasia wake aliomba jambo linaloweza kumshangaza mtu aliyeyaona makaburi ya leo: avikwe kanzu ya watawa wa Mtakatifu Francis, azikwe katika nyumba ya watawa hao iliyokuwa ndani ya Alhambra, na kaburi lake liwe la chini, lisiinuliwe, liwekewe bamba la jiwe lenye maandishi tu.

Mwili wake ulichukuliwa safari ndefu ya majira ya baridi, ukafika Granada mwezi Desemba 1504, ukazikwa kama alivyotaka. Nyumba ile ya watawa ilikuwa zamani kasri ya masultani wa Kinasri. Mfalme Ferdinand alipofariki tarehe 23 Januari 1516, naye alizikwa hapo kando ya mkewe. Walikaa pamoja huko mlimani mpaka mwaka 1521, mjukuu wao Mfalme Charles wa Tano alipoamuru wateremshwe na kuhamishiwa katika kapela mpya.

Hapa tungependa msomaji apime. Sisi tumefundishwa kwamba kaburi halijengewi fahari, na kwamba mfalme na mchukuzi hulala katika udongo mmoja. Malkia yule, pamoja na yote aliyoyatenda, alipokikabili kifo aliomba kaburi la namna hiyo hiyo. Waliomzunguka na waliomrithi ndio waliotaka marumaru.

JENGO NA NAKSHI ZAKE

Ujenzi ulisimamiwa na Enrique Egas, ukamalizika mwaka 1517. Mtu aliyezoea kusikia kwamba Granada ni mji wa Renesansi atashangaa aingiapo, kwa sababu jengo lenyewe si la mtindo huo. Ni la mtindo wa Gothiki uliopendwa katika siku za Isabella: ukumbi mmoja mrefu wenye vyumba vidogo vya ibada ubavuni, dari ya mawe iliyobebwa na mbavu zinazopishana kama mishipa ya jani, na kuta zilizo wazi kwa kiasi kikubwa. Juu ya kuta unazunguka mstari wa maandishi makubwa. Unaeleza ni nani walioamuru kapela ijengwe, na unazihesabu kazi zao: kuitwaa Granada na kuwaondoa Mayahudi na Waislamu katika nchi. Kila mahali pamechongwa alama zao mbili, nira na fungu la mishale, pamoja na herufi za mwanzo za majina yao.

Mwenye kutoka Alhambra akaingia humu ataona jambo la ajabu. Washindi wameizungushia nyumba yao maandishi kama walivyofanya walioshindwa. Tofauti iko katika maneno. Katika kuta za Alhambra, msemo unaorudiwa mara zisizohesabika ni kaulimbiu ya Banu Nasr: Hapana mshindi ila Mwenyezi Mungu. Katika kapela maandishi yanawataja washindi kwa majina yao.

Renesansi imo ndani ya vitu vilivyowekwa katika jengo. Cha kwanza ni uzio mkubwa wa chuma unaotenga ukumbi na mahali pa makaburi. Aliutengeneza fundi aitwaye Bartolomé wa Jaén, akaumaliza yapata mwaka 1520, akaandika jina lake juu yake. Nguzo za chuma zimesukwa na kupakwa dhahabu, katikati ikawekwa ngao ya wafalme, na juu yake zikapangwa sanamu ndogo ndogo za watu zenye kusimulia visa vya Injili. Wenye kujua kazi ya ufuaji husimama hapa kwa muda mrefu, kwani chuma kimetiiwa kana kwamba ni nta. Wengi wetu tumelelewa na kuona milango ya Unguja, Lamu na Mombasa, na tunajua thamani ya fundi anayeulazimisha mti mgumu utoe ua. Fundi huyu aliyafanya hayo kwa chuma na nyundo.

KABURI LA JUU NA KABURI LA CHINI

Nyuma ya uzio ndipo yalipo makaburi mawili ya marumaru nyeupe ya Carrara, Italia.

Kaburi la Ferdinand na Isabella ni kazi ya Domenico Fancelli, mchongaji kutoka karibu na Florence, ambaye hapo kabla alikwisha kumchongea kaburi mtoto wao Juan huko Ávila. Alilichonga Italia kati ya 1514 na 1517, kisha likasafirishwa kwa bahari. Fancelli alileta Hispania umbo lililokuwa jipya huko: kuta za kaburi hazisimami wima bali zinalalia ndani kama mteremko wa piramidi iliyokatwa kileleni, na pembeni zikawekwa sanamu za wanyama wenye mbawa. Katika kila upande mna vishubaka vyenye sanamu za wanafunzi wa Nabii Isa, na katikati mna duara lililochongwa kisa. Juu wamelala mfalme na malkia. Mfalme amevaa deraya na kushika upanga. Malkia amevaa vazi la kawaida na kukunja mikono. Miguuni pao wamelala simba. Nyuso zao zimetulia kama za watu waliopitiwa na usingizi wa adhuhuri. Kichwa cha malkia kimezama katika mto zaidi kuliko cha mumewe, na wenyeji husema kwa utani kwamba ni kwa sababu kilikuwa kizito zaidi kwa akili.

Usanii huu ni wa daraja ya juu na hatuna sababu ya kuukana. Lakini inafaa kujua unachosema. Moja ya duara zile limechongwa Mtakatifu Yakobo akiwa juu ya farasi, yule ambaye Wahispania wa wakati huo walimpa lakabu ya muuaji wa Wamoro. Na maandishi ya Kilatini yaliyowekwa kwenye kaburi yanawasifu wafalme hawa kwa mambo mawili kabla ya lolote jingine: kuwaangusha wafuasi wa Muhammad, na kuwakomesha wale walioitwa wazushi. Mtu anaweza kulizunguka kaburi mara tatu akistaajabia mikunjo ya nguo zilizochongwa, asijue kwamba kuangushwa kwa umma wake ndiko kulikoandikwa pale kuwa fahari ya marehemu.

Kaburi la pili ni la binti yao Joanna na mumewe Philip. Hili limeinuliwa juu zaidi na lina nakshi nyingi zaidi. Mchongaji wake, Bartolomé Ordóñez, alikuwa Mhispania wa Burgos aliyejifunza kazi Italia. Alikwenda Carrara kwenyewe yanakochimbwa mawe, akafia huko mwaka 1520 kazi ikiwa haijamalizika, na wasaidizi wake ndio waliokamilisha. Likafika Granada mwaka 1539, na halikusimamishwa katika kapela ila mwaka 1603. Habari ya mwenye kaburi inasikitisha kuliko kaburi lenyewe. Joanna alirithi taji, lakini watu wake walisema amepungukiwa na akili, wakamfungia Tordesillas kuanzia 1509 hadi alipofariki 1555. Baba yake ndiye aliyeanza kumfungia, na mwanawe akaendeleza. Marumaru inamwonyesha akiwa malkia mwenye fimbo ya enzi, ingawa uhai wake ulimwonyesha jambo jingine.

Kisha pana ngazi fupi. Anayeteremka hufika katika chumba kidogo kisicho na nakshi, chini ya makaburi hayo ya fahari. Hapo ndipo walipo maiti wenyewe, katika majeneza matano ya risasi, ile madini nyeusi nzito, yakiwa yamefungwa kwa mikanda ya chuma na kuandikwa herufi tu za kuwatambulisha. Mna Ferdinand, Isabella, Joanna, Philip, na jeneza moja dogo la mtoto. Kule juu fahari yote imewekwa kwa ajili ya macho ya walio hai. Wageni wengi wanaoteremka hunyamaza, wawe wa dini yoyote.

MBAO ZINAZOSIMULIA

Mbele ya makaburi, juu ya madhabahu, umesimama ukuta wa mbao zilizochongwa na kutiwa rangi na dhahabu. Ni kazi ya Felipe Bigarny, mzaliwa wa Langres, Ufaransa, aliyeifanya kati ya 1520 na 1522. Sehemu kubwa inahusu maisha ya Nabii Isa kama Wakristo wanavyoyaamini. Lakini sehemu ya chini kabisa, karibu na macho ya mtazamaji, zimewekwa picha za kuchongwa zinazohusu Granada.

Moja inaonyesha siku ya tarehe 2 Januari 1492. Wafalme wamepanda farasi, pamoja nao yuko Kadinali Mendoza, na sultani anakabidhi ufunguo huku watu wakitoka katika lango la mji. Nyingine zinaonyesha ubatizo wa Waislamu, wanaume mahali pao na wanawake mahali pao. Umati umesongamana, padri anawamwagia maji, na hakuna nafasi ya mtu kuulizwa neno. Wanawake wamejifunika almalafa, lile shuka kubwa la Kigranada lililofunika mwili mzima na kuacha sehemu ndogo ya uso.

Mchongaji alikusudia kuutukuza ushindi, lakini jicho lake la fundi lilihifadhi zaidi ya alivyokusudia. Bigarny aliwachonga watu hawa kiasi cha miaka ishirini tu baada ya ubatizo wa nguvu, wakati wanawake wa Granada wangali wakivaa hivyo mitaani. Mjerumani Christoph Weiditz aliyepita Hispania mwaka 1529 aliwachora wakiwa katika mavazi hayo hayo. Hivyo mbao za kapela ni miongoni mwa mahali pachache tunapoweza kuwaona Waislamu wa mwisho wa Granada walivyokuwa, kwa nguo zao na namna walivyosimama. Ni shahada iliyotolewa na hasimu, na wanazuoni husema shahada ya hasimu ina uzito wake.

KIKAO CHA MWAKA 1526

Kapela hii haikuwa mahali pa maiti tu. Mwaka 1526 Mfalme Charles wa Tano alikaa Granada miezi kadhaa baada ya kuoa, na wakati huo wakuu wa kanisa na serikali walikutana humu kujadili Wamorisko wafanywe nini. Maazimio yao yalipiga marufuku lugha ya Kiarabu, mavazi ya asili, mahamamu, na majina ya Kiislamu. Wamorisko walilipa fedha nyingi ili amri hizo zisitekelezwe, zikalala kwa miaka arobaini.

Mwaka 1567 Mfalme Philip wa Pili alizifufua. Hapo alisimama mzee mmoja wa Kimorisko wa ukoo wa heshima, Francisco Núñez Muley, akawaandikia watawala utetezi uliohifadhiwa mpaka leo. Hoja yake ilikuwa nyepesi na nzito. Alisema lugha na vazi na ngoma za arusi ni mila ya nchi, wala si dini. Kwamba wako Wakristo wa Mashariki wenye kusema Kiarabu na Ukristo wao haukupungua. Na akauliza wazee wasiojua lugha nyingine waishi vipi, waseme nini sokoni na kwa watoto wao. Hakusikilizwa. Uasi ukazuka katika milima ya Alpujarras, 1568 hadi 1571, ukazimwa kwa damu, na Wamorisko wa Granada wakatawanywa katika sehemu nyingine za Castile. Baina ya 1609 na 1614 Wamorisko wa Hispania nzima, takribani watu 300,000, walifukuzwa nchini. Wengi wao walivuka bahari kwenda Morocco, Algeria na Tunisia.

Kabla ya hapo walikuwa wamebuni njia ya kuishi. Waliosahau Kiarabu waliandika Kihispania chao kwa herufi za Kiarabu, wakayaficha maandishi yao ndani ya kuta na juu ya dari, ambako mengine yalikuja kuonekana karne kadhaa baadaye nyumba zilipobomolewa. Sisi ambao mababu zetu waliandika Kiswahili kwa herufi hizo hizo, barua, hesabu za jahazi na tenzi, hatuhitaji kuelezwa maana yake.

MTOTO ALIYELALA CHINI

Tulitaja jeneza dogo. Ni la mtoto Miguel, mjukuu wa Ferdinand na Isabella, aliyezaliwa mwezi Agosti 1498 na kufariki Granada mwezi Julai 1500 kabla ya kutimiza miaka miwili. Mama yake alikuwa binti yao aliyeitwa Isabella kama mama yake, naye alifariki siku ile ile ya kumzaa. Baba yake alikuwa Manuel, mfalme wa Ureno.

Jina la Manuel linapaswa kumwamsha msomaji wa pwani yetu. Ndiye aliyemtuma Vasco da Gama. Mwezi Aprili 1498, mtoto huyu akiwa tumboni, merikebu za baba yake zilikuwa Mombasa na Malindi. Ili amwoe binti wa Isabella, Manuel alikubali kuwafukuza Mayahudi na Waislamu katika Ureno. Baada ya mkewe kufariki alimwoa dada yake, Maria, kwa hivyo aliendelea kuwa mkwe wa nyumba ile ile. Na mwaka 1505, mwaka mmoja tu baada ya hati ya kapela kutiwa saini, majeshi yake chini ya Francisco de Almeida yaliishambulia Kilwa mwezi Julai, na mwezi Agosti yakaipora na kuichoma Mombasa.

Uzi huo unaendelea. Philip wa Pili, aliyewanyima Wamorisko lugha yao, ndiye aliyehamishia maziko ya wafalme katika kasri na nyumba ya watawa ya Escorial, iliyojengwa kati ya 1563 na 1584. Ndiyo maana Granada ikabaki na majeneza yake matano. Mwaka 1580 alirithi pia taji la Ureno, na ni katika enzi yake ndipo Ngome ya Mombasa, Fort Jesus, ilipoanza kujengwa mwaka 1593, kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati. Kwa hivyo mtoto wa Mombasa aliyekuwa akicheza chini ya kuta zile alikuwa akicheza kivulini mwa jengo la Renesansi, lililoamriwa na kitukuu wa hao waliolala Granada. Ngome hiyo ilitwaliwa na Waomani mwaka 1698, na hiyo ni habari ambayo wasomaji wetu wa Maskati na Mombasa wanaijua vyema.

NG'AMBO YA NJIA

Anayetoka katika kapela atazame mbele yake, ng'ambo ya njia nyembamba. Hapo pana mlango wa jengo ambalo watalii wengi hulipita. Ni madrasa iliyoanzishwa na Sultani Yusuf wa Kwanza mwaka 1349, ambako zilisomeshwa elimu za dini na za dunia. Baada ya mji kutekwa, madrasa ilifungwa na jengo likafanywa nyumba ya baraza la mji. Lakini chumba chake cha sala pamoja na mihrabu kilibaki nyuma ya kuta mpya, kikaja kugunduliwa tena katika karne ya 19. Leo jengo ni mali ya Chuo Kikuu cha Granada, na mgeni anaweza kusimama mbele ya mihrabu ile, akatazama nakshi za chokaa, nyota zake na maandishi yake.

Tunaona kwamba majengo haya mawili yaangaliwe pamoja, na kwa siku moja. Aliyeiona kapela peke yake ataondoka na uchungu au na mshangao tu. Aliyeiona Alhambra peke yake huondoka na ndoto. Baina ya kapela na madrasa hakuna zaidi ya hatua chache, na katika hatua hizo mna historia yote: elimu, uzembe, mfarakano wa masultani waliopigana baba na mwana hali adui yuko mlangoni, ahadi iliyovunjwa, na ufundi uliotumiwa na kila upande.

Wako miongoni mwetu wasiopenda kuingia katika nyumba za ibada za watu wengine, na hilo ni lao. Mwenye shaka amwulize mwanachuoni anayemwamini. Atakayeingia aingie kwa adabu. Ni kanisa lenye wenyewe, ni mahali pa maziko, na hatuendi kugombana na wafu. Wahispania wenyewe wanaijadili historia hii. Kila tarehe 2 Januari mji wa Granada huadhimisha kutekwa kwake, bendera ya wafalme ikatolewa, na kila mwaka wako wenyeji wanaosema hadharani kwamba siku hiyo haifai kusherehekewa hivyo. Na mwaka 2003 msikiti mpya ulifunguliwa katika mtaa wa Albaicín, unaotazamana na Alhambra, na adhana ikasikika tena pale.

TUWAAMBIE NINI WATOTO

Watoto wetu husoma shuleni kwamba mwaka 1492 ni mwaka wa Columbus. Wakifika Granada nasi, wataona kwamba mwaka ule ulikuwa na mambo mengine, na wataanza kuuliza. Tusiwape majibu ya chuki, wala tusiwape majibu ya kujisifu. Tuwaonyeshe mkono wa fundi na tuusifu, maana mkono huo haukumkosea mtu. Kisha tuwasomee kilichoandikwa, tuwaambie nani alikiandika na kwa nini, ili wajifunze kwamba uzuri wa kitu si ushahidi wa uadilifu wa aliyekiagiza. Hilo ni somo litakalowafaa katika kila jumba la makumbusho watakaloingia, na katika nyua za masultani wetu pia.

Na tukifika katika habari ya Núñez Muley, tusimame kidogo. Sisi tumo katika nchi za watu. Hakuna aliyetupiga marufuku kusema Kiswahili, wala kuwaita watoto wetu Salma na Suleiman, wala kuvaa kanzu na buibui siku ya Idi. Wale walilipa fedha ili wabakiwe na lugha yao, wakaiandika kwa siri, wakaificha ukutani. Yetu imo vinywani mwetu bila ya kulipiwa, na wako wazazi miongoni mwetu wanaoiacha ipotee mezani pao, wakila na watoto wao kwa lugha ya jirani kwa sababu ya uvivu tu. Tukitoka Granada na azma ya kulirekebisha hilo, safari itakuwa na faida kuliko picha zote tutakazorudi nazo.

Wabillahi tawfiq.